Mto Mdogo na Mnunuzi Mmoja: Nani Hukagua Mkataba wa Umeme?



Kiasi cha kilomita 80 magharibi mwa jiji la Doha, mahali paitwapo Al Kharsaah, jangwa limetandazwa paneli za kunasa mwanga wa jua zipatazo milioni 1.8. Kituo hicho cha kuzalisha umeme chenye uwezo wa megawati 800 kilizinduliwa rasmi mwezi Oktoba 2022. Umeme wake una mnunuzi mmoja tu, nalo ni Shirika Kuu la Umeme na Maji la Qatar, lijulikanalo kwa jina la Kahramaa, ambalo limefunga na wawekezaji mkataba wa miaka 25. Bei iliyokubaliwa ni takriban senti 1.6 za Kimarekani kwa kila uniti, na ilipotangazwa ilihesabiwa kuwa miongoni mwa bei za chini kabisa duniani.

Qatar haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Lakini maelfu ya watu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi Doha, madereva, walinzi, wahudumu wa hoteli na wauguzi, wametoka katika nchi zenye mito mingi inayoporomoka milimani usiku na mchana. Wengi wao hutuma fedha nyumbani kujenga nyumba, na nyumba hiyo ikishaezekwa, swali la kwanza ni lini umeme utafika. Jibu la swali hilo mara nyingi limo ndani ya waraka ambao mwenye nyumba hatauona kamwe: mkataba wa kuuziana umeme kati ya mwenye mtambo na shirika la umeme.

Makala ya leo yanautazama waraka huo kwa upande wa mitambo midogo ya maji, na hasa kazi ya yule anayetakiwa kuukagua kwa niaba ya umma, yaani mdhibiti. Mfano mkuu ni Tanzania, nchi ambayo tangu mwaka 2008 imejaribu jambo ambalo mataifa mengi ya Afrika yalikuwa bado yanalitafakari.

Kwanza yafaa kueleza tatizo lenyewe. Mkulima wa chai asiyependa bei ya kiwanda kimoja anaweza pengine kupeleka majani yake kwingine. Mwenye mtambo wa maji hana nafasi hiyo. Hawezi kuufunga umeme katika magunia akautafutia soko jingine, na maji yaliyopita leo bila kuzungusha mtambo hayarudi tena kesho. Amekopa benki, amejenga banio, amechimba mfereji, amelaza bomba hadi bondeni, na nguzo zinazotoka kwenye mtambo wake zinaishia kwa mnunuzi mmoja. Katika hali hiyo mnunuzi ndiye mwenye kauli. Akitaka, anaweza kuchelewesha mazungumzo miaka kadhaa. Na kwa mradi mdogo, gharama ya wanasheria peke yake inaweza kumaliza nguvu za mwekezaji kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Lakini tatizo lina upande wa pili. Shirika la umeme likishatia saini kununua kwa bei kubwa, hasara hailipwi na wakurugenzi wake, bali huingia katika ankara ya mwananchi, au hubebwa na hazina ya serikali, ambayo ni fedha ya mwananchi yuleyule. Kwa hiyo mdhibiti anapoukagua mkataba wa umeme anawalinda watu wawili wenye maslahi yanayopingana: mwenye mtambo asidhulumiwe, na mtumiaji asibebeshwe mzigo asioujua.

Watanzania wana sababu ya kulijua jambo hili. Mwaka 1995, Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta mazito, uliojengwa Tegeta, Dar es Salaam. Wakati huo nchi haikuwa na mdhibiti huru wa nishati. Mkataba ule uliitaka TANESCO kulipia uwezo wa mtambo hata pale mtambo unapokuwa hauzalishi. Mzozo kuhusu gharama ulifika katika mahakama ya usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji iliyo chini ya Benki ya Dunia, na mtambo haukuanza kuzalisha hadi mwaka 2002. Kesi zilizofuata zilizaa akaunti maalumu katika Benki Kuu, na akaunti hiyo nayo ikazaa sakata la Escrow lililolitikisa Bunge mwaka 2014. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkasa wa IPTL daftari lilikuwapo; kilichokosekana ni jicho la tatu la kulisoma kabla ya wino kukauka.

Jicho hilo lilikuja baadaye. Sheria ya kuunda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilipitishwa mwaka 2001, na mamlaka hiyo ikaanza kazi mwaka 2006. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kisha ikaja Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, ambayo ilifungua mlango kwa wazalishaji wadogo, yaani wale wanaoweza kuuza kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10.

Badala ya kuacha kila mwenye mto aketi peke yake na TANESCO na kubishana juu ya kila kifungu, Tanzania iliandaa mkataba mmoja wa kielelezo kwa wote, pamoja na kanuni moja ya kukokotoa bei. Mkataba huo na kanuni hiyo vilijadiliwa hadharani, wadau wakatoa maoni yao, na EWURA ikaviidhinisha. Tangu hapo, mwekezaji aliyetimiza masharti hakuhitaji tena kujadiliana kuhusu bei. Alihitaji haki ya kutumia ardhi, kibali cha maji kutoka ofisi ya bonde husika, cheti cha mazingira, barua ya kusudio kutoka TANESCO, na leseni ya EWURA. Mtambo ulio chini ya megawati 1 haukuhitaji leseni ya uzalishaji, bali kuandikishwa tu.

Kwa maneno mengine, ukaguzi ulifanywa mapema na mara moja, ukawafaa wengi. Wataalamu wa udhibiti wanaona hekima yake katika hesabu ndogo: kukagua mkataba wa megawati 4 kunaweza kuchukua muda na wataalamu sawa na kukagua mkataba wa megawati 400. Kama kila kijito kitapewa uchunguzi wa bwawa kubwa, gharama ya uchunguzi itameza faida ya kijito.

Tofauti na mkataba wa IPTL, mkataba huu wa kielelezo haukuwa na malipo ya uwezo wa mtambo. TANESCO ililipia uniti zilizopita kwenye mita, basi. Mto ukikauka, mwenye mtambo hapati kitu. Mtambo ukiharibika, hasara ni yake. Mtumiaji akalindwa dhidi ya kulipia mashine iliyolala.

Hata hivyo, lilibaki swali la bei. EWURA ilichagua kanuni ijulikanayo kama gharama inayoepukwa. Maana yake ni hii: TANESCO imlipe mzalishaji mdogo kiasi ambacho ingekitumia yenyewe kama ingelazimika kuupata umeme huohuo kwingine. Kwa kanuni hiyo, mtumiaji hapati hasara, kwa sababu kununua kwa mzalishaji mdogo hakuzidi gharama ya njia nyingine. Bei ilikokotolewa upya kila mwaka. Ili benki ziwe na imani, bei ya mwaka wa kutia saini ilihesabiwa kuwa sakafu ambayo malipo hayatashuka chini yake, na ikawekwa dari ya asilimia 150 ya sakafu hiyo, ikirekebishwa kwa mfumuko wa bei.

Kwa mwaka 2012, bei ya wastani kwa mitambo iliyounganishwa na gridi ya taifa ilikuwa shilingi 152 na senti 54 kwa uniti. Lakini bei hiyo haikulipwa sawasawa mwaka mzima. Katika miezi 4 ya kiangazi, Agosti hadi Novemba, mzalishaji alilipwa asilimia 120 ya wastani, yaani shilingi 183 na senti 5. Katika miezi 8 iliyobaki alilipwa asilimia 90, yaani shilingi 137 na senti 29. Sababu yake inaeleweka. Wakati wa mvua mabwawa ya Mtera na Kidatu hujaa, na uniti moja zaidi haina thamani kubwa kwa TANESCO. Wakati wa kiangazi mabwawa hushuka, mitambo ya gesi na mafuta huwashwa, na uniti moja inayotoka mtoni huokoa fedha nyingi.

Sasa na ufanywe mfano wa kubuni. Ukichukua miezi 4 kwa asilimia 120 na miezi 8 kwa asilimia 90, wastani wake ni asilimia 100 kamili. Kwenye karatasi hakuna aliyepunjwa. Lakini mto haujui karatasi. Mtambo mdogo usio na bwawa hutegemea maji yanayopita, na maji hayo hupungua katika miezi ileile ambayo bei ni nzuri. Tuseme mtambo wa megawati 1 unafanya kazi kikamilifu katika miezi 8 ya mvua na kwa nusu ya nguvu zake katika miezi 4 ya kiangazi. Ukikokotoa mapato yake yote na kuyagawa kwa uniti zote, utaona kwamba kila uniti imemletea mwenye mtambo shilingi 146 na senti 44, wala si 152 na senti 54. Pengo ni dogo, kama asilimia 4, lakini kwa mradi ulioendeshwa kwa mkopo huweza kuwa tofauti kati ya kulipa rejesho kwa wakati na kuomba muda zaidi. Mkaguzi makini wa mkataba huisoma bei pamoja na kumbukumbu za maji ya mto kwa miaka mingi.

Katika mwaka huohuo wa 2012, mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja katika sehemu mbili za dunia zilizo mbalimbali. Huko Doha, kuanzia tarehe 26 Novemba hadi 8 Desemba, wajumbe wa karibu mataifa yote walikutana katika mkutano wa 18 wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa, wakakubaliana kuurefusha muda wa Itifaki ya Kyoto hadi mwaka 2020. Miongoni mwa matumaini ya nchi maskini ilikuwa biashara ya hewa ukaa: mradi mdogo wa maji ungeuza umeme kwa shirika, na kuuza pia hati za kupunguza hewa chafu kwa viwanda vya Ulaya. Lakini wakati wajumbe wakijadiliana, soko la hati hizo lilikuwa limekwisha kuporomoka. Hati ambayo mwanzoni mwa 2011 iliuzwa kwa zaidi ya euro 10 ilikuwa chini ya euro 1 kufikia mwisho wa 2012.

Na nchini Tanzania, mkutano wa Doha ukiwa katika juma lake la kwanza, kalenda ya EWURA iligeuka kutoka Novemba kwenda Desemba, na bei ya uniti ya mzalishaji mdogo ikashuka kwa robo nzima, kutoka shilingi 183 hadi 137, kama mkataba ulivyosema. Funzo lililopatikana mwaka ule ni kwamba soko la kimataifa linaweza kuleta ziada, lakini uhai wa mtambo mdogo hutegemea mkataba wa nyumbani na uaminifu wa yule anayelipa kila mwezi.

Mwaka huo wa 2012 ndio pia kituo cha Mwenga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, kilipoanza kazi. Ni mtambo wa megawati 4 usio na bwawa kubwa, uliojengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na REA pamoja na fedha za mwekezaji. Umeme wake ulikuwa na njia tatu: mashamba na viwanda vya chai vya jirani, gridi ya TANESCO, na mtandao wa vijiji ambavyo mradi wenyewe ulivisambazia umeme moja kwa moja. Mpangilio huo una faida ya pekee. Kijiji hutumia umeme mwingi jioni, kiwanda cha chai hutegemea msimu, na gridi hupokea kinachobaki usiku wa manane, wakati maji bado yanapita na watu wamelala. Bila mkataba na TANESCO, maji hayo ya usiku yangepita bure, na benki isingepata hesabu inayofunga. Hivyo mkataba na shirika kubwa ndio uliosaidia kupeleka taa katika vijiji ambavyo shirika lenyewe lilikuwa bado halijavifikia. Mwaka 2020 waendeshaji wa mradi huo waliongeza mitambo ya upepo ya megawati 2.4, ili upepo wa kiangazi ufidie maji yanayopungua.

Kusini zaidi, mkoani Ruvuma, hadithi ilikuwa na sura nyingine. Kwa miaka mingi mji wa Songea haukuunganishwa na gridi ya taifa, nao uliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Huko, gharama inayoepukwa haikuwa gharama ya bwawa wala ya gesi, bali ya mafuta yaliyosafirishwa kwa malori mamia ya kilomita. Ndiyo maana EWURA ilikuwa na bei ya pili, kwa maeneo yaliyo nje ya gridi. Mwaka 2012 bei hiyo ilikuwa shilingi 480 na senti 50 kwa uniti, zaidi ya mara tatu ya bei ya kwenye gridi.

Masista Wabenedikti wa Mtakatifu Agnes wa Chipole ni miongoni mwa walioitikia. Walijenga kituo cha megawati 5 kwenye maporomoko ya Tulila katika Mto Ruvuma, kikazinduliwa mwaka 2015, na umeme wake ukauzwa TANESCO. Watawa walioanza kwa kutafuta umeme wa kuendeshea shule, zahanati na karakana zao wakawa wazalishaji waliosaidia kuuangaza mji mzima.

Kisha, mwaka 2018, njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea. Majenereta yakazimwa. Kwa wananchi ilikuwa habari njema isiyo na kasoro. Lakini kwa mkaguzi wa mikataba tukio hilo ni mtihani. Ikiwa bei ya nje ya gridi ilitokana na dizeli, siku dizeli inapokoma sababu ya bei ile nayo hukoma. Je, mzalishaji ashushiwe bei siku hiyohiyo, ilhali mkopo wake ulipimwa kwa bei ya zamani? Au shirika liendelee kulipa mara tatu ya thamani, na gharama hiyo iangukie wateja wa nchi nzima? Hakuna jibu lisilomuumiza mtu. Wataalamu wanakubaliana juu ya jambo moja tu: swali hilo lazima liwe na jibu lililoandikwa kabla ya saini, kwa sababu gridi kufika si ajali. Ni ahadi ya serikali inayotangazwa katika kila hotuba ya bajeti, na mkataba usioizungumzia umefumba macho makusudi.

Aidha, kuna hatari ambayo ukaguzi wa bei hauwezi kuiona: mnunuzi asiyelipa. Baada ya ukame wa mwaka 2011, TANESCO ililazimika kukodi mitambo ya dharura na kununua mafuta kwa gharama kubwa, na madeni yake kwa wazalishaji yakarundikana. Wazalishaji wadogo nao walilalamikia ucheleweshaji wa malipo. Kampuni kubwa ya kigeni inayo dhamana ya serikali na mawakili mjini London. Mtambo wa megawati 1 hauna dhamana wala wakili wa namna hiyo. Una fundi, mlinzi wa banio na rejesho la benki kila mwezi. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee, lakini katika biashara yenye mnunuzi mmoja mdai hawezi hata kususa. Akizima mtambo, anajikata mwenyewe.

Jambo jingine ni sarafu. Malipo yalikuwa kwa shilingi, ilhali mashine nyingi na mikopo mingi vilikuwa kwa dola au euro. Shilingi iliposhuka, bei iliyoonekana nzuri wakati wa kutia saini ilipungua thamani bila mtu kugusa kifungu hata kimoja. Mwaka 2015 EWURA ilibadilisha utaratibu. Badala ya bei moja kwa wote, ikaweka bei kulingana na aina na ukubwa wa mtambo, zikitajwa kwa dola, na mitambo midogo zaidi ya maji ikapewa bei ya juu kwa kuwa gharama yake kwa kila kilowati ni kubwa zaidi. Jua na upepo vikaelekezwa kwenye zabuni ya ushindani. Kwa hatua hiyo mdhibiti alihama kutoka swali la "shirika linaokoa kiasi gani?" kwenda swali la "mtambo unahitaji kiasi gani ili uishi?" Swali la kwanza humlinda mtumiaji zaidi, la pili humlinda mzalishaji zaidi, na ubishi kati ya maswali hayo mawili haujaisha popote duniani.

Majirani wamepita njia zinazofanana. Kenya ilitangaza sera yake ya bei maalumu kwa nishati jadidifu mwaka 2008, na katika marekebisho ya mwaka 2012 ikaweka kwa mitambo midogo ya maji senti 10.5 za Kimarekani kwa uniti kwa mtambo wa megawati 0.5, ikishuka hadi senti 8.25 kwa mtambo wa megawati 10, kwa mkataba wa miaka 20. Wakulima wa chai, kupitia shirika lao la KTDA, walijitokeza kuutumia mto ule ule unaopita kando ya viwanda vyao. Lakini ankara za umeme zilipozidi kulalamikiwa, mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopokazi chini ya uenyekiti wa John Ngumi kuipitia mikataba yote ya ununuzi wa umeme, na jopo hilo likapendekeza mazungumzo mapya na wazalishaji binafsi ili bei ishuke.

Uganda nayo, kupitia mamlaka yake ya udhibiti ERA, ilizindua mwaka 2013 mpango wa GET FiT, ambapo wafadhili waliongeza kiasi fulani juu ya bei ya kila uniti ili miradi midogo, mingi ikiwa ya maji, iweze kujengwa. Miradi ilijengwa kwa kasi. Mahali pengine, hata hivyo, mitambo ilikamilika kabla ya njia za kusafirishia umeme, na serikali ikajikuta ikilazimika kulipia umeme usiomfikia mtu. Mkataba wa mtambo na ratiba ya nguzo vilikaguliwa kama mambo mawili yasiyohusiana, kumbe ni jambo moja.

Mfano wa Kenya unaibua suala zito zaidi. Je, mkataba uliokwisha kutiwa saini unaweza kupitiwa upya? Anayelipa ankara atajibu kwamba haki haiozi, na mkataba mbaya haugeuki mzuri kwa kuwa ni wa zamani. Anayekopesha atajibu kwamba mkataba unaoweza kufunguliwa kila serikali inapobadilika si mkataba, na kwamba benki itaitoza hofu hiyo riba, kisha riba hiyo itarudi katika bei ya uniti ya mradi unaofuata. Nchini Tanzania, mwaka 2020, serikali iliagiza wamiliki binafsi wa gridi ndogo za vijijini wauze umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, sawa na bei ya TANESCO vijijini. Mwanakijiji aliyekuwa akilipa mara kadhaa zaidi ya mtu wa mjini alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Aliyejenga mtambo kwa hesabu nyingine alibaki akiuliza nani atafidia tofauti. Wote wawili walikuwa na hoja, na ni kazi ya mdhibiti kuzisikia hoja zote mbili kwa utaratibu unaojulikana, badala ya kuziacha ziamuliwe na tamko la siku moja.

Tanzania ya leo ina swali jipya tena. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza mwezi Februari 2024, na mitambo yote 9 ilikamilika mwaka 2025. Kwa kanuni ya gharama inayoepukwa, nchi yenye umeme mwingi wa bei nafuu huokoa kidogo inaponunua uniti ya kijito. Wapo wanaouliza kama mtambo wa megawati 4 bado una maana.

Jibu limo katika ramani. Mwezi Machi 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ikitaja upotevu wa umeme unaosafiri mbali kutoka vyanzo vya kusini na mashariki. Umeme unaozalishwa mwishoni mwa njia ndefu, karibu na anayeutumia, hauna thamani sawa na ule unaozalishwa mwanzo wa njia. Hupunguza upotevu na huimarisha nguvu ya umeme vijijini, ambako taa hufifia kila jioni na mashine za kusaga hukoroma bila kusaga. Mapitio ya mkataba yanayopima bei ya wastani wa taifa pekee hayataiona thamani hiyo. Yanayopima mahali yataiona.

Mwezi Machi 2023, Doha ilikuwa mwenyeji tena, safari hii wa mkutano wa tano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nchi zenye maendeleo duni. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi 46 zilizozungumziwa, na upatikanaji wa nishati ulitajwa katika mpango wa utekelezaji unaobeba jina la mji huo, utakaoendelea hadi mwaka 2031. Mikutano kama hiyo hutoa ahadi kubwa. Lakini utekelezaji wake hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa ofisa mmoja, mezani kwake, mbele ya faili la mtambo mdogo kutoka wilaya ya mbali.

Ofisa huyo ana maswali machache ya kuuliza. Maji ya mto yamepimwa kwa miaka mingapi? Nani atalipa gridi ikifika, na nani atalipa isipofika? Malipo yakichelewa, mwenye mtambo atamlilia nani? Bei ikipanda, mama mwenye mita ya LUKU atajuaje sababu yake? Na je, waraka huu umewekwa mahali ambapo yeyote kati ya hao anaweza kuusoma?

Kahramaa na wawekezaji wa Al Kharsaah wanajuana, wana fedha na wana wanasheria. Mkataba wao unajitetea wenyewe. Masista wa Chipole, wanakijiji wa Mufindi na kijana wa Kiafrika Mashariki anayetuma akiba yake kutoka Doha ili nyumba ya mama yake iwe na taa hawana meza kama hiyo. Wana mdhibiti peke yake, naye akisinzia, hakuna mwingine wa kuwaamshia haki yao.